Kati ya Kutengwa na Kujitenga

Miaka kadhaa iliyopita niliandika barua ya kumwombea mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye alikuwa amepatikana na hatia ya kuiba fedha za mtu aliyemwajiri. Wakili wake alikuwa ameniambia kwamba barua ya namna hiyo inaweza kusomwa kabla ya adhabu kutolewa, nami nikaishughulikia kwa juma zima. Nilieleza jinsi alivyoachwa na baba yake akiwa na umri wa miaka minne, alivyohamishwa kutoka nyumba ya jamaa mmoja hadi ya mwingine, alivyofukuzwa shule kwa kukosa ada, alivyoahidiwa kazi mara mbili na mara zote mbili akanyimwa, na alivyolipwa ujira pungufu kisha akatishwa alipothubutu kuuliza. Kila nililoliandika lilikuwa kweli. Nilipompelekea nakala mahabusu ili aisome kabla haijawasilishwa, aliisoma mara mbili, polepole, akanirudishia, akasema: "Kaka, humu umemweleza kila mtu isipokuwa mimi."

Nilimjibu kwamba barua ile ilikuwa ya kumsaidia. "Najua," akasema, "ipeleke tu." Ikapelekwa, na kwa muda mrefu niliyachukulia maneno yake kuwa ni kiburi cha mtu aliyeumizwa. Baadaye, nilipoisoma upya nakala iliyobaki kwangu, niligundua kilichomchoma. Vilikuwa ni vitenzi. Aliachwa, alihamishwa, alifukuzwa, aliahidiwa, alinyimwa, alilipwa, alitishwa. Katika kurasa mbili hapakuwa na tendo hata moja alilolitenda yeye mwenyewe. Hata wizi nilikuwa nimeuita "kosa lililotokea", kana kwamba lilikuwa mvua.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma, kwa kadiri ya nafasi yangu, maandishi ya watu wa aina mbili wanaolizungumzia jambo hilohilo na ambao ni nadra kusikilizana: wanasosholojia wanaoueleza uhalifu kwa hali za jamii, na wanafalsafa wa udhanaishi wanaoshikilia kwamba mtu hujifanya kuwa alivyo kwa yale anayoyachagua. Wote huanzia kwa mtu ambaye dunia imekuwa ngeni machoni pake. Wanapoachana ni pale wanapoulizwa ugeni huo umetoka wapi, na nani aulizwe kuhusu yaliyofuata.

Kiswahili kimeiweka tofauti hiyo ndani ya kitenzi kimoja. Kutenga ni kuweka kando. Kutengwa ni kuwekwa kando na wengine. Kujitenga ni kujiweka kando mwenyewe. Kutengana ni kuachana, kila mmoja akishika njia yake. Mwanasosholojia huandika kwa kauli ya kutendwa, mdhanaishi huandika kwa kiambishi cha kujirejea, na mtu yuleyule huonekana amepatwa na jambo katika sentensi ya kwanza na amelifanya katika sentensi ya pili. Wahakiki wetu wa fasihi wamezoea kuiita hali hiyo ukengeushi, neno linalotokana na kukengeuka, yaani kuiacha njia iliyonyooka. Lina faida yake, kwa kuwa ndani yake mpweke na mkosaji wamekaa pamoja hata kabla ya nadharia yoyote kuwaunganisha. Hata hivyo halisemi ni nani aliyemgeuza mwenzake, na swali hilo ndilo lililobaki mezani kati yangu na mdogo wangu.

Upande wa kutendwa una hoja nzito, na sipendi kuiona ikipuuzwa na watu wanaodhani kwamba kusema "kila mtu awajibike" kunatosha. Serikali ya Ufaransa ilianza kuchapisha takwimu za mahakama zake za jinai mwaka 1827, na Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa falaki na hisabati, akazichunguza kama alivyozoea kuchunguza mwenendo wa nyota. Aliona kwamba mwaka baada ya mwaka idadi ya washtakiwa haikubadilika sana, na kwamba hata mgawanyo wa silaha zilizotumiwa katika mauaji ulijirudia kwa ukaribu wa kushangaza. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alifikia hitimisho ambalo bado linatisha: jamii ndiyo inayouandaa uhalifu, na mkosaji ni chombo tu cha kuutekeleza. Maana yake ni kwamba kiasi cha damu itakayomwagika mwakani chaweza kukadiriwa leo, wakati wale watakaoimwaga hawajawaza lolote. Mtu anayesema kwamba uhalifu ni suala la nia mbaya za watu binafsi anapaswa kwanza kueleza kwa nini nia mbaya hujipanga kwa utaratibu kiasi hicho.

Karl Marx alikuwa na umri wa miaka 26 alipoandika, mjini Paris mwaka 1844, kurasa ambazo hazikuchapishwa kikamilifu hadi mwaka 1932, karibu nusu karne baada ya kifo chake. Humo anaeleza kwamba mfanyakazi hutengwa na kitu alichokitengeneza, kwa kuwa ni mali ya mwingine. Hutengwa na kazi yenyewe, ambayo anaifanya kama mtu aliyeazimwa. Hutengwa na ubinadamu wake. Na mwishoni hutengwa na wenzake. Uhalifu hakuushughulikia sana. Aliyelibeba wazo hilo hadi kwenye jinai ni Mholanzi Willem Bonger, aliyedai katika kitabu chake cha mwaka 1905 kwamba mfumo wa kila mtu kumwona mwenzake kama mshindani au bidhaa hulea ubinafsi, na ubinafsi ukikomaa humpunguzia mtu kizuizi cha ndani cha kumdhuru mwingine. Naikubali sehemu ya kwanza kuliko ya pili. Nimewajua watu wengi waliochakazwa na kazi zisizo zao, na wengi wao walizidi kuwa wapole hadi kufikia hatua ya kuhuzunisha.

Émile Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, ananishawishi zaidi, kwa sababu hakuutafuta upweke katika umaskini. Alichokiita anomia, yaani hali ya kanuni kulegea hadi kukosa nguvu ya kumshika mtu, alikigusa katika kitabu cha mwaka 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi, kisha akakipa umbo kamili mwaka 1897 alipoandika kuhusu kujiua. Hoja yake ni kwamba haja za mwili zina kikomo, maana tumbo likishiba hukataa, lakini tamaa za binadamu hazina kikomo chochote cha kimaumbile, na kinachoziwekea mpaka ni jamii peke yake. Mambo yakibadilika ghafla, yawe kwa hasara au kwa neema, mpaka huo hupotea, na mtu hubaki akikimbilia mwisho ambao husogea kadiri anavyoukaribia. Ndiyo maana Durkheim aliona kwamba idadi ya wanaojiua hupanda wakati wa kuanguka kwa uchumi, na pia wakati wa neema ya ghafla. Msomaji wa Kiswahili aliyesoma "Kichwamaji" ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, anamjua mtu wa namna hii kwa karibu: Kazimoto, msomi ambaye elimu imemwinua hadi pahali ambapo hawezi tena kuzungumza na wazazi wake wala kuamini kitu kingine badala ya waliyoyaamini, na ambaye mwishowe anajiua.

Durkheim aliongeza jambo ambalo watu wengi hulisikia kama tusi. Mwaka 1895 aliandika kwamba uhalifu ni hali ya kawaida ya jamii yoyote, na kwamba hata katika jamii ya watakatifu watupu makosa madogo ambayo sisi tungeyasamehe yangelaaniwa kama jinai, kwa kuwa kundi hujijua kwa kuuchora mpaka na kumweka mtu nje yake. Hapa kauli ya kutendwa inapata maana kali zaidi. Kutengwa kwa mkosaji kunaacha kuwa bahati mbaya inayotangulia kosa, na kunakuwa kazi ambayo jamii inaihitaji na itaendelea kuifanya, wawepo wenye njaa au wasiwepo.

Robert Merton aliichukua anomia akaipeleka Marekani ya wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Makala yake ya mwaka 1938 ilidai kwamba jamii ile ilimfundisha kila mtu kutamani mafanikio ya fedha huku ikiwapa wachache tu njia halali za kuyafikia, na kwamba watu hujibu mkinzano huo kwa namna mbalimbali: wapo wanaotii, wapo wanaobuni njia zisizo halali, wapo wanaoendelea na taratibu bila kutarajia lolote, wapo wanaojiondoa kabisa, na wapo wanaoasi ili kuweka malengo mapya. Yeye mwenyewe alizaliwa Philadelphia mwaka 1910 katika familia ya wahamiaji Wayahudi, kwa jina la Meyer Schkolnick, na jina tunalomjua nalo alijipatia ujanani, alipokuwa akifanya maonyesho ya mazingaombwe. Nalitaja hilo kwa sababu aliyeandika kuhusu milango iliyofungwa alikuwa mtu aliyejua nini hudaiwa na wale wanaotaka kuingia.

Nadharia yake ina pengo ambalo mdogo wangu angeliona mara moja. Watu wengi walio katika hali ileile hawaibi, na wengi walio na kila njia halali huiba. Mwaka mmoja baada ya makala ya Merton, Edwin Sutherland alisimama mbele ya wanasosholojia wenzake akazungumzia uhalifu wa watu wenye vyeo na heshima, na mwaka 1949 akatoa kitabu kilichochunguza rekodi za makampuni 70 makubwa ya Marekani. Mchapishaji aliogopa mashtaka, majina ya makampuni yakaondolewa, na toleo kamili halikutoka hadi mwaka 1983. Ukiniuliza ni nani anayeueleza vyema zaidi wizi wa mtu aliyeshiba, nitamrudia Durkheim na tamaa yake isiyo na mpaka. Nadharia inayotegemea uhitaji inaishia mlangoni pa ofisi hizo.

Wadhanaishi huanza pale ambapo hesabu zimemaliza. Takwimu za Quetelet zinaweza kusema ni wangapi. Haziwezi kusema ni nani, na hazisimami usiku mbele ya mlango zikiwa na ufunguo mkononi. Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa Mfaransa, katika mhadhara alioutoa Paris mwezi Oktoba mwaka 1945, alisema kwamba mtu amehukumiwa kuwa huru: hakujiumba, lakini akishatupwa duniani anawajibika kwa kila anachokifanya. Miaka miwili kabla ya hapo, katika kitabu chake kikubwa, alikuwa ameeleza kile alichokiita imani mbaya, yaani ule uongo ambao mtu anajidanganya nao kwamba yeye ni kitu kama vitu vingine, kilichowekwa na sababu, kisichoweza kuwa vinginevyo. Kwa macho hayo, kujitenga kukubwa kuliko kote ni kujitenga na uhuru wako mwenyewe.

Hoja hiyo iliniathiri sana nilipokutana na makala ya Gresham Sykes na David Matza ya mwaka 1957, ambayo naiona kuwa daraja lililojengwa na wanasosholojia bila kutangaza kwamba ni daraja. Waliwasikiliza vijana waliovunja sheria wakieleza matendo yao, na wakaona kwamba wengi hawakuwa na maadili tofauti na ya watu wengine. Walichokuwa nacho ni maneno ya kuyazimisha maadili hayo kwa muda: sikuwa na la kufanya; hakuna aliyeumia; aliyeumia alistahili; wanaonihukumu ni wabaya kuliko mimi; niliwafanyia wenzangu. La kwanza kati ya hayo ndilo linalonishughulisha. Kijana, waliandika, hujiona kama gololi inayogongwa kutoka hali moja hadi nyingine. Mwaka 1964 Matza alieleza kwamba wengi wa vijana hao huelea tu kati ya utii na uasi, hawajafungwa na upande wowote, na kwamba maneno hayo huwalegezea kamba kwa kipindi kinachotosha kutenda kosa. Nikaiangalia tena barua yangu. "Hakuwa na njia nyingine." Nilikuwa nimeliandika neno kwa neno. Maelezo ya mwanasosholojia na udhuru wa mkosaji vilikuwa vimefanana hadi kwenye nukta.

Sikusudii kusema kwamba kwa sababu hiyo maelezo ya kijamii ni uongo. Udhuru unaweza kuwa kweli. Swali ni nani anayeutamka, kwa wakati gani, na unamwachia nini cha kufanya baada ya kuutamka. Lakini haki hiyohiyo inanidai niseme kwamba udhanaishi nao umewahi kuyatenda makosa yaleyale unayoyashutumu, na mfano mkubwa ni ule wa mwandishi Mfaransa Jean Genet.

Genet alizaliwa Paris mwaka 1910, akaachwa na mama yake mikononi mwa huduma za umma angali mchanga, akalelewa na familia ya kijijini iliyolipwa kwa kazi hiyo, na akiwa kijana akapelekwa Mettray, katika taasisi ya kuwarekebisha vijana wakosaji. Aliiba, akafungwa mara nyingi, akaandika vitabu gerezani, na alipokabiliwa na hatari ya kifungo cha maisha, Sartre na mshairi Jean Cocteau waliongoza ombi lililomfikia rais wa Ufaransa naye akasamehewa. Mwaka 1952 Sartre alitoa kitabu kinene kumhusu. Kwa simulizi yake, mtoto Genet, mwenye miaka kama kumi, anakutwa mkono ukiwa ndani ya droo, na sauti inatamka mbele ya watu kwamba yeye ni mwizi. Na mtoto, asiyekuwa na mahali pengine pa kusimama, anaamua kuwa kile walichomwita. Wanasosholojia walikuwa wameshaligusa jambo hilo. Frank Tannenbaum, ambaye kabla ya kuwa profesa alifungwa mwaka mmoja huko New York kwa kuwaongoza watu wasio na kazi hadi ndani ya makanisa kutafuta chakula na malazi, aliandika mwaka 1938 kwamba mhalifu hutengenezwa kwa kutajwa, kuelezwa na kuwekwa alama hadi awe yule anayesemwa. Howard Becker alilifikisha kwa wasomaji wengi mwaka 1963: mkengeufu ni yule ambaye jina hilo limefaulu kumganda. Tofauti ni kwamba Tannenbaum na Becker wanawaangalia zaidi wanaobandika jina, ilhali Sartre anamwangalia anayebandikwa, na anadai kwamba hata katika kuganda kwa jina pana kitendo cha kulipokea.

Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Genet alisema kwamba kitabu kile kilimtia kinyaa, kwa kuwa alijiona amevuliwa nguo na mkono usio wake, na kwa miaka kadhaa hakuweza kuandika. Hapo pana mwanafalsafa wa uhuru, rafiki wa mtu huyu, aliyemtetea asifungwe maisha, ambaye anamweleza kikamilifu kiasi kwamba mwenye maisha anabaki hana la kusema juu ya maisha yake. Mara ya kwanza alipewa jina la mwizi, mara ya pili akapewa maelezo ya kwa nini alikubali kuwa mwizi, na mara zote mbili aliyezungumza alikuwa mwingine. Nafikiri ndicho alichokisikia mdogo wangu katika barua yangu. Kumweleza mtu mbele yake bila kumwuliza ni namna ya kumtenga, hata kama maelezo ni sahihi na hata kama yametoka kwa mtu anayempenda.

Frantz Fanon aliliona jambo hilo katika sura yake ya kutisha kabisa. Mzaliwa wa Martinique, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Ufaransa, daktari huyu aliongoza wodi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Blida, Algeria, kuanzia mwaka 1953 hadi alipojiuzulu mwaka 1956, na katika kitabu alichokimaliza mwaka wa kifo chake, 1961, anawashambulia madaktari wa shule ya fikra ya Algiers, wafuasi wa Antoine Porot, waliofundisha kwa miaka mingi kwamba Mwalgeria huua bila sababu kwa vile ubongo wake umeumbwa hivyo. Anamtaja pia J. C. Carothers, daktari aliyefanya kazi Kenya, ambaye katika andiko lililotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Fanon anajibu kwa sosholojia: mtu aliyebanwa na ukoloni, akikopa unga kwa jirani yake mwenye shida kama yeye, humwona jirani huyo kama adui aliye karibu kwa sababu adui wa kweli hafikiki. Kisha anajibu kwa udhanaishi: watu walewale, wanapoamua kusimama, huacha kuuana. Kama alivyodai, ugomvi na mauaji ya wao kwa wao yalipungua mno baada ya vita vya ukombozi kuanza mwaka 1954. Sijaridhika na imani yake katika nguvu ya mapambano ya silaha, lakini sijaona mwandishi mwingine aliyezishika kauli zote mbili za kitenzi kwa mkono mmoja bila kuiacha yoyote ianguke.

Utafiti wa baadaye ulinisaidia kuelewa kwa nini hazipaswi kuachanishwa. Katika miaka ya 1980 John Laub aliyakuta, katika ghorofa ya chini ya maktaba ya sheria ya Harvard, maboksi ya kumbukumbu za Sheldon na Eleanor Glueck, waliokuwa wamewafuatilia wavulana 500 wa Boston waliopelekwa katika shule za kurekebisha tabia. Yeye na Robert Sampson waliwafuatilia watu hao hadi wakakaribia miaka 70, na kuwahoji 52 kati yao. Waligundua kwamba utoto wao haukutosha kutabiri ni nani angeendelea na uhalifu na ni nani angeacha. Ndoa, kazi na jeshi vilikuwa nafasi za kugeuka, lakini nafasi hizo zilihitaji mtu wa kuzishika, na wazee wale walizungumza kuhusu maamuzi waliyoyafanya kwa namna ambayo watafiti hawakuweza kuifuta.

Shadd Maruna, aliyewahoji watu mjini Liverpool na kutoa kitabu mwaka 2001, alifika mbali zaidi, kwa kuwa alisikiliza lugha yenyewe. Waliokuwa wakiendelea na uhalifu walisimulia maisha yao kama hukumu iliyokwisha kutolewa tangu utotoni, wao wakiwa kete zinazosogezwa na wengine. Nilitarajia kwamba walioacha wangesimulia kinyume chake tangu mwanzo hadi mwisho, wakijibebesha kila kosa, kama mahubiri yanavyotutaka. Haikuwa hivyo. Walipozungumzia wakati uliopita, wengi wao walieleza jinsi mazingira yalivyowasukuma, jinsi mtu mwema aliyekuwamo ndani yao alivyofunikwa. Walipozungumzia wakati ujao, ghafla wakawa watendaji wa kila sentensi, wakipanga, wakijenga, wakitaka kuwafaa vijana walio nyuma yao. Mwalimu wa mantiki angewakosoa kwa kutumia nadharia moja kwa jana na nyingine kwa kesho. Mimi naona kwamba waligundua kwa maisha yao jambo ambalo shule mbili za fikra zimelibishania kwa zaidi ya karne nzima, na barua yangu ilikosea kwa kuishia kwenye jana.

Ilikosea pia kwa jambo la pili, ambalo nimechelewa zaidi kuliona. Wizi ule ulipogunduliwa, wa kwanza kushikwa alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku. Alilala rumande siku tatu, akaachiwa mdogo wangu alipokamatwa, na kazi yake hakuipata tena. Katika kurasa zangu mbili mlinzi huyo hayumo. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza, nikiwa kijana, riwaya ya Albert Camus ya mwaka 1942 kuhusu Meursault, anayemuua mtu ufukoni kwa risasi moja kisha nyingine nne, niliguswa na ukweli kwamba mahakama inamshughulikia zaidi kwa kutolia kwenye mazishi ya mama yake kuliko kwa kuua. Niliona hapo mtu aliyetengwa na jamii inayodai machozi ya maonyesho. Niliisoma mara ya pili bila kubadilisha mawazo. Katika usomaji wa tatu, baada ya mambo ya mdogo wangu, ndipo nilipotambua kwamba aliyeuawa anaitwa "Mwarabu" tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwamba kitabu kizima kuhusu ugeni wa mtu duniani kinasimama juu ya maiti isiyo na jina. Nadharia nilizozitaja hapo juu nazo, karibu zote, zina mtu mmoja tu chumbani.

Nils Christie, mtaalamu wa jinai wa Norway, alilalamikia jambo hilo katika makala ya mwaka 1977. Hoja yake ni kwamba mahakama za kisasa, wanasheria na wataalamu wamewaibia watu migogoro yao, na aliyepoteza zaidi ni aliyedhurika, ambaye haruhusiwi hata kuwa mhusika katika jambo lililompata. Mfano wa kwanza anaoutoa ni wa kaskazini mwa Tanzania, mkoani Arusha: mwanamume na mwanamke waliokuwa wachumba, mwanamke amevunja uchumba, mwanamume anadai alivyovitoa. Chumba kimejaa wanakijiji, wawili wale wamekaa katikati, ndugu na rafiki karibu nao, kila mtu anauliza na kujibu, huku mahakimu wakiwa kimya, kwa sababu ndio wasiojua lolote kuhusu mambo ya kijiji hicho. Najua kwamba vyumba vya namna hiyo vinaweza kumlemea mnyonge, na najua kwamba posa iliyovunjika si damu iliyomwagika. Panapokuwa na mauaji, mmoja wa wawili hawezi kuja kukaa katikati. Mwaka 2013, miaka 71 baada ya Meursault kufyatua bastola, Kamel Daoud wa Algeria alitoa riwaya ambamo mzee aitwaye Harun anakaa mahali pa marehemu na kusema kwamba aliyeuawa alikuwa kaka yake, na jina lake lilikuwa Musa.

Mlinzi wetu yu hai. Mwaka jana nilimwuliza mdogo wangu jina lake, naye akalitaja papo hapo, la kwanza na la pili, pamoja na mahali anapofanya kazi sasa. Alikuwa akilijua siku zote, na ni mimi ambaye sikuwahi kuuliza. Siliandiki hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa. Mdogo wangu anataka twende wote wawili, nami nimemwambia kwamba safari hii yeye ndiye atakayezungumza.